Usiondoke kwenye safu ya swala msikitini, mimi niliondoka miezi 14

Mleta mada nimesoma uzi wako nikaweka simu chini nikatoka nje nikarudi tena. Umesema duka la spea limekufa, watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, wanakugongea mlango, umeanza kuswali nyumbani kwa kuona haya, unaomba dua ya kufungua riziki na ushauri kuhusu mkeo anayetaka kurudi kwao. Halafu katikati umepitisha kama kitu kidogo tu kwamba kuna "sheikh" wa kwenye simu kakwambia kuna mtu wako wa karibu kakufunga nyota, utume laki 3 na nusu akufungue. USITUME. Hata mia usitume.

Mimi niko Bagamoyo, kazi yangu bahari. Nilikuwa na boti ya faiba na mashine ya farasi 15, mzigo nashusha pale sokoni karibu na forodha ya zamani na mnada ukianza watu wananijua. Kusi moja ikaingia vibaya, nyavu zikabaki kwenye miamba, mama akapooza upande mmoja, nikawa nakopa huku nalipa kule, hayo huna haja ya kuelezwa. Ndipo nikapewa namba ya huyo mtu. Anaanza na salamu ndefu, anakusomea aya kwa sauti nzuri mpaka unatokwa machozi, na ndani ya yale machozi ndio anaingiza bei. Elfu 40 ya zafarani ya kombe, yaani aya zinaandikwa kwa zafarani zinaoshwa unakunywa. Baada ya wiki laki na elfu 20 ya hijabu, ile hirizi ya kuvaa. Baada ya hapo jini limegoma, laki 3. Kila ukimaliza kutuma kuna kitu kimebaki kidogo tu kitoke. Mwisho nikauza mashine, milioni 1 na laki 8, na sehemu kubwa ya hela ile alikula yeye. Mvuvi kauza mashine! Anicheke atakayecheka, lakini anayecheka hajawahi kukaa usiku wa saa 9 anasikia mama yake analia na nyumba haina hata unga.

Sasa sikiliza, pesa sio iliyoniumiza. Kuna siku aliniambia hivi, "anayekufunga unaswali naye bega kwa bega". Jina hakutaja, angelijulia wapi, jina nililiweka mimi mwenyewe. Kushoto kwangu msikitini miaka yote anasimama jirani yangu, fundi cherehani, mtu mzima, na wiki ile ile nilimwona ananiangalia miguuni wakati tunavaa viatu. Basi nikajua ni yeye, hasidi wangu huyu hapa. Nikaanza kuswali msikiti mwingine, kisha nikawa wa Ijumaa tu, kisha nikasema Mungu yuko popote nitaswali ndani, na ndani alfajiri ikanipita, isha nikawa nalala nayo, mpaka mswala ukakunjwa juu ya kabati ukashika vumbi. Hakuna siku niliyoamua kuacha dini, wallahi sikuamua. Nilianza kuacha watu, yale mengine yakafuata yenyewe. Miezi 14.

Na wewe umeandika "nimeanza kuswali nyumbani", umeandika hivyo hivyo kwa wepesi kama nilivyokuwa nasema mimi!

Mama alifariki usiku wa kuamkia Jumanne. Kabla hakujapambazuka vizuri nasikia hodi, ni yule fundi, ana bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, chini ya kwapa na mkasi wake wa kazini. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikaa barazani, akaipima ile nguo kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akakata sanda ya mama vipande 5 kimoja kimoja anavikunja anavipanga, akawaingizia wanawake ndani. Bei ya ile bafta hajanitajia mpaka leo. Tulipokwenda kuswalia jeneza akanishika mkono akaniweka kuliani kwake pale pale pa zamani. Alikuwa anaangalia nini miguuni mwangu siku ile sijui, na kumuuliza nimeona haya.

Yule wa kwenye simu Mungu atanilipia. Hajanidhulumu mashine tu, alitaka kuninyima mtu wa kumkatia mama yangu sanda. Na dini anaitumia kama chambo, wakati hadithi iko wazi kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Mimi nilimuuliza mara ngapi? Hesabu nimeshindwa.

Kuhusu kulia, lia tu. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, iko kwenye Suratu Yusuf, akasema namshitakia Mwenyezi Mungu majonzi yangu, na mtu huyo huyo mwenye macho yale ndio aliyewaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Mimi nililia wiki nzima kwenye sijda nikiwa katikati ya watu, na walionisikia walinyamaza, wengine walikuwa wananidai. Swala ya jamaa ina daraja 27 juu ya ile ya peke yako, zamani nilikuwa naisikia kama hesabu ya thawabu tu. Hata hapa kwetu Bagamoyo, Sheikh Ramiya wa zamani aliletwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, kule Kongo, hana ukoo hana mji, na akaja kuwa sheikh wa tarika ya Kadiria aliyewakusanya watu, na zikiri ya Kadiria haikai mtu mmoja chumbani.

Madeni yangu hayajaisha. Nafanya kazi kwenye boti ya mtu, napunguza kidogo kidogo. Wawili kati ya wanaonidai nawaona kila magharibi, na tangu wanione pale hawajaja tena kunigongea usiku.

Kwa hiyo leo magharibi nenda. Usingoje upate nguo nzuri wala hela ya mchango. Ukifika kaa na imamu mwambie hali yako kama ulivyotuandikia sisi. Na ile namba ya "sheikh" ifute kabla hujatoka nyumbani, maana atapiga, tena atapiga wakati wa adhana, mimi alikuwa ananipigia wakati huo huo.