Mniulize kola, msiniulize uso

Ndugu wahariri, jambo yenu.

Mliuliza wiki hii: hereni za duara ziko za aina nyingi, kuna kubwa nyembamba, kuna nene ya wastani, kuna ndogo inayobana ndewe, ukiruhusiwa jozi moja tu, utachukua ipi? Swali zuri. Ila chini yake mkaweka ushauri kwamba mwenye uso wa mviringo akimbie duara kubwa, eti uso utazidi kujaa. Ushauri huo ndio umenifanya niache libaya, yaani blauzi, ya mtu kwenye cherehani. Mimi uso wangu ni sahani. Wa mama yangu ulikuwa sahani, wa dada zangu vilevile, na wote tumeolewa, wala hakuna mwanamume aliyekuja kutupima mashavu kwa rula siku ya dote, yaani mahari.

Mimi ni mshonaji, hapa Katuba, Lubumbashi. Nashona za harusi, za kilio, za kwaya, za vyama vya akina mama. Kazi yangu inaishia shingoni, na pale ninapoachia mimi ndipo hereni inapopokea. Kati ya kola na hereni kuna ugomvi wa nafasi ambao nyinyi watu wa magazeti hamuuoni, maana picha zenu humkata mtu kidevuni. Kwa hiyo swali langu kwa kila mteja anayekuja na kikwembe chake, yaani kitenge, halihusu uso. Namuuliza: mama, siku hiyo utavaa hereni gani? Wengine hucheka. Mimi sicheki. Ukitaka mabega ya kufura, yale yanayopanda hadi karibu na sikio, duara la sentimita nane halina pa kupita. Ukitaka kola ya kusimama, hivyo hivyo. Ukitaka shingo wazi, vaa unachotaka, sina neno.

Na msimamo wangu nautoa mapema, msije mkasema nimezunguka: mimi ni mtu wa ndogo. Zile zinazobana ndewe. Hazigusi kola, hazishiki meshi, zile nywele za kusukia, huzioni mpaka mtu ageuke. Siku niliyoamua hivyo naikumbuka, na nitawaeleza yote hata kama mtakata nusu.

Ilikuwa misa ya harusi, Jumamosi, katika parokia moja ya huku kwetu. Kwaya ilikuwa na sare mpya, kazi ya mikono yangu: kikwembe cha bluu, libaya yenye kola ya kusimama, na mabegani dantele, yaani lesi, nyeupe ya matundu mapana. Dantele hiyo waliichagua akina mama wa kwaya wenyewe, tena kwa kura. Mstari wa mbele, sauti ya kwanza, walisimama bega kwa bega wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja mrefu, mtu wa sala, akiimba macho yako juu. Wa pili mfupi, mwenye sauti kuliko wote, na siku hiyo alikuwa amevaa hereni kubwa nyembamba za rangi ya dhahabu alizozitoa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sikio la mfupi na bega la mrefu vilikuwa usawa mmoja. Mtu yeyote angeliona hilo, lakini maestro wetu hupanga watu kwa sauti, hapangi kwa masikio.

Mnajua misa ya kwetu, ile ya ibada iliyokubaliwa Roma mwaka 1988, nchi yetu ya Kongo ikiitwa bado Zaire. Gloria, ule wimbo wa Utukufu, haiimbwi kwa kusimama wima, inachezwa. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, mikono juu, kugeuka kidogo, tena kulia. Basi wakaenda kushoto mara ya kwanza, nikaona kichwa cha mfupi kimelala begani kwa mwenzake. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, hawa wamepatana, maana tangu mambo ya sanduku la kwaya walikuwa hawasemezani. Hatua mbili kulia: kichwa kinafuata bega. Mrefu anainua mikono, bega linapanda, na mfupi anapanda nalo kwa ncha za vidole vya miguu. Mrefu anashusha, mfupi anashuka. Hapo nikaelewa.

Hereni yenyewe ilikuwa ile isiyo na kifungio cha maana. Waya mwembamba unatoka upande mmoja wa duara, unapita kwenye tundu la sikio, unaingia ndani ya bomba la upande wa pili, basi. Hakuna kinachoushika zaidi ya kubanwa kidogo. Ule waya ulikuwa umechomoka, ncha imeingia kwenye tundu la dantele, na kwa jinsi walivyokuwa wanacheza ikajipinda ndani ya nyuzi. Mrefu hajui lolote. Na mfupi anaimba! Hilo nitamheshimia mpaka nife. Machozi yanamtoka, ndewe inavutika, lakini hakuacha noti hata moja. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba Roho ameshuka.

Sauti ya pili, waliokuwa mstari wa nyuma, wakadhani ni hatua mpya ambayo wao hawakuambiwa. Wa pembeni akalaza kichwa begani kwa jirani yake. Aliyefuata naye. Kufika katikati ya Gloria, mstari mzima ulikuwa umelala upande mmoja na unapanda kwa ncha za vidole kila mikono inapoinuka. Maestro anatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, na wao wakadhani anawapa mdundo, wakatikisa pia. Mpiga video akamwacha bibi harusi, akasogea kwa kwaya. Nimeambiwa katika video ya ile harusi sehemu hiyo ni ndefu kuliko viapo.

Mkasi mdogo hautoki katika mkoba wangu. Nikangoja matoleo, watu wanapotoka kwenye viti wakicheza kwenda altareni, nikaingia kwenye msafara na noti yangu mkononi, nikakata kona kwenye kwaya. Kwanza nikajaribu kuurudisha waya. Umejipinda, hauendi mbele wala nyuma. Ndewe imevimba, na tundu la sikio, ambalo hukaa kama nukta, limekuwa mstari. Nikakata nyuzi za dantele, tatu au nne, za kazi yangu mwenyewe, mbele ya padri na wazazi wa pande zote mbili. Mfupi akaniambia asante mama bila kuacha kuimba, akaiweka ndani ya wimbo ikakaa vizuri. Mrefu ndipo akageuka, akaona mkasi begani kwake, akauliza kwa sauti iliyofika altareni: "Mama, libaya yangu imekukosea nini?"

Kamati ya kwaya ikaketi. Uamuzi: hereni za duara marufuku siku za kuimba. Dantele haikutajwa. Waya haukutajwa. Mrefu alidai kiraka, nikamwekea bure kwa sababu nilichoka kusikia habari ya bega lake. Na mfupi, ambaye amebaki na kovu dogo chini ya tundu, alisimama mbele ya kamati akasema kama ingekuwa hereni ya kifungio cha kubonyeza, angejitoa mwenyewe kwa mkono mmoja kabla ya "Amina". Wakamwambia akae. Nami niliona ni ukaidi tu.

Sasa nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia ya kuwaambia: mmeona, chukueni ndogo. Lakini nikiisoma tena habari yenyewe, ukubwa uko wapi? Hereni ingekuwa ya sentimita tatu, ncha ile ingeingia kwenye dantele vilevile, na pengine mfupi angebanwa zaidi. Kilichomponza ni waya usiofungwa. Na yule mfupi alisema kweli juu ya kifungio, ingawa kamati haikupenda kusikia.

Tena hizi ndogo ninazozisifu nazo zina mambo yao. Bawaba yake ni ndogo mno, unahitaji kucha kuifungua, na mimi kucha za mshonaji sina. Ikibana unywele wa meshi unasikia mpaka kwenye jino. Na ikianguka huisikii, kwa sababu haina uzito. Unaigundua jioni mbele ya kioo, upande mmoja upo, upande mwingine haupo, na sokoni hakuna anayekuuzia moja.

Nene ya wastani, ile mliyoipiga picha nzuri kuliko zote, naipita haraka. Ya bei nafuu ni bomba tupu, ukiibana kati ya vidole inabonyea na haiinuki tena. Ya kujaa ndani inavuta. Nina wateja wazee ambao matundu yao yameshuka kwa ajili ya uzito wa ujana wao, na wengine ndewe imepasuka kabisa, mikia miwili inaning'inia. Wanawake Wafulani wa Mali walilijua hilo tangu zamani: zile hereni zao kubwa za dhahabu iliyosokotwa, zikizidi uzito, huzishikiza kwa uzi unaopita juu ya kichwa, ili sikio lisibebe peke yake. Hiyo ni akili ya mshonaji. Sikuona neno la uzito popote katika ukurasa wenu, mlikuwa mnapima mashavu.

Na kwa habari ya mashavu, binti yangu anasoma historia UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, alinionyesha picha ya vitu vya malkia mmoja aliyeitwa Puabi, waliyemfukua Ur, kule Iraki. Amezikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita na hereni za dhahabu pana, umbo la mwezi mwandamo. Uso wake ulikuwa wa namna gani, waliomvika sidhani kama waliuliza.

Kitu kingine mlichokiruka ni madini, na gazeti linalosomwa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba, halina ruhusa ya kuruka madini. Mafundi wetu wanapinda duara zuri la shaba nyekundu, na wageni wanalipenda. Nami nalipenda. Lakini shaba ikikutana na jasho inageuka kijani, na kijani hicho kinahamia sikioni. Si ugonjwa, kinatoka kwa sabuni. Hata malakiti yetu imepata kijani chake kutoka kwa hiyo hiyo shaba. Kinachowasha na kuleta vipele mara nyingi ni nikeli iliyofichwa chini ya rangi ya dhahabu. Rangi hiyo inaisha kwanza pale pini inapopita ndani ya tundu, yaani mahali pabaya kuliko pote, na mtu akishakataliwa na nikeli mara moja, mwili wake hausahau. Kwa hiyo duara liwe la shaba ukitaka, ila pini mwambie fundi aweke ya fedha. Na anayekuuzia dhahabu, mwambie akuonyeshe namba: 750 maana yake robo tatu ni dhahabu, karati 18, 585 ni karati 14. Asiyekuonyesha namba, mlipe bei ya rangi.

Basi ukinibana kabisa, jozi moja tu, jibu langu ni hili, na mtashangaa kama ninavyoshangaa mimi: kubwa nyembamba. Si kubwa mno, isiguse kola. Nageuza kichwa kulia na kushoto mbele ya kioo, ikigusa nguo naiacha. Iwe nyepesi kiasi kwamba naisahau. Na nyuma iwe na bawaba na kifungio cha kubonyeza, kinacholia tak, ambacho mtu anaweza kukifungua kwa mkono mmoja akiwa amebeba mtoto kwa mkono mwingine. Waya wa kuchomeka, hata mkinipa bure, hapana.

Naongeza masharti, maana najua kuna atakayenisoma kisha aje kunilaumu. Ukipanda pikipiki kwenda kazini, vua kabla ya kuvaa kofia, tia mfukoni, vaa ukifika. Mwenye mtoto wa miezi saba hadi mwaka, subiri kwanza, huyo hana dini. Mwenye ndewe iliyokwisha kupasuka asinisikilize mimi, aende kwanza kwa daktari aishone, sindano ni ndogo na sikio linarudi. Na kwenye kwaya sheria ya kamati bado iko, sitaki kuonekana ninachochea watu. Ila mwenye libaya bila dantele akija na kifungio cha kubonyeza, mimi kama mshonaji sitamshitaki.

Kuhusu uso wangu, nao utavaa duara hilo hilo.

Ombi moja kwenu, ndugu wahariri. Mkirudia tena habari ya hereni, zipigeni picha kwa nyuma. Katika zile picha tatu za wiki hii nimetafuta kifungio mpaka nikatoa miwani, hata kimoja sikukiona.