Mora Companion kwa kambi: kinatosha, ila usikigeuze panga

Mkuu umeuliza kama kisu cha Mora Companion kinatosha kambini au ujichange ununue kisu kikubwa zaidi, mimi ninacho mwaka wa nne huu na nakwambia kinatosha. Bapa lake ni sentimita 10 na ushee, unene milimita 2.5 tu, ndo maana kwenye kitunguu na samaki kinateleza vizuri kuliko hivi visu vinene vya kijeshi ambavyo ukikatia karoti vinaipasua. Shida ni msuka (kile chuma cha bapa kinachoingia ndani ya mpini), haufiki mwisho wa mpini, kwahiyo habari za kukigonga kwa gogo ili kupasua kuni achana nazo, vijiti vya kuwashia moto sawa, gogo nene kama mkono hapana. Kuna Companion nyingine nene zaidi, Heavy Duty, ya milimita 3.2 lakini msuka nao ni hivyohivyo.

Kunoa sasa, hapo ndo raha, mteremko wa makali ni mmoja tu kila upande tena mpana, unaulaza wote kwenye jiwe lenye maji unasukuma, hata ambaye hajawahi kunoa anaweza.

Kipo cha chuma cha kaboni na cha stenlesi, hiki cha pili hakishiki kutu kirahisi. Mi nilichukua kaboni, siku moja nikakatia ndimu nikakirudisha kwenye ala bila kukifuta (uvivu wangu huo), asubuhi kina madoa meusi na kutu, nikasugua na majivu mpaka mkono ukachoka. Kama kambi zako ni za pwani chukua stenlesi aisee.