Kabla hujauza mashine ya mtumbwi ili mtoto aende chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Ndugu, majirani wa Igombe, hapa Mwanza, nilikokulia, wazazi wanaosali na mimi, wote swali lao ni moja: huyu mtoto aende chuo, au hiyo hela apewe mtaji? Wananiuliza mimi kwa sababu ni mtoto wa mvuvi niliyesoma hadi digrii ya uhasibu, na kwa sababu kiwandani tunakosindika minofu ya sangara huwa naitwa kwenye usaili wa wafanyakazi wapya. Nawaona wanaochukuliwa, na nawaona wanaoondoka na bahasha zao za kaki mkononi. Nimejibu kwa simu miaka mingi, sasa naandika.

Chuo kinalipa. Lakini si kila kozi, si kwa bei yoyote, na kamwe si kwa kuuza kitu kinacholisha nyumba.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Kuna mzee wa Igombe, rika la baba yangu, alikuwa na mtumbwi mmoja wa dagaa, mashine yake, nyavu na taa za sola. Kijana wake akapata nafasi chuo kikuu, mkopo haukutoka mwaka ule. Mzee akaamua kuuza mashine. Nilimwambia, "Baba, na mwaka wa pili utauza nini?" Akanijibu, "Mwanangu, mwaka wa kwanza kwanza. Wa pili Mungu anajua." Mwaka wa pili ulimkuta mzee anavua kama kibarua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, anasubiri mgao. Kijana akaahirisha masomo, na mpaka leo hajarudi darasani. Simlaumu mzee hata kidogo. Alitoa alichokuwa nacho kwa ajili ya mwanawe. Ila ile ilikuwa kula mbegu. Mashine ile ingebaki majini, ingelipa ada kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wadogo zake huyo kijana wangekuwa bado shuleni.

Wazazi wa huku ziwani wanashtuka kwa sababu mzigo unakuja ghafla. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Mtu amezoea kununua sare, madaftari na michango. Halafu mtoto anafaulu, inakuja barua yenye mamilioni.

Tena inakuja bila kujua kalenda yetu. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi gizani. Dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, mitumbwi inalala ufukweni na mfukoni hamna kitu. Chuo hakijui giza wala mbalamwezi: namba ya malipo imetoka, siku ya mwisho imeandikwa, na mwanafunzi anayedaiwa anaambiwa hafanyi mtihani. Hapo ndipo mzazi anakimbilia mikopo ya kausha damu, na riba yake inakula hata pesa ya muhula unaofuata. Vyuo vingi vinapokea ada kwa awamu. Nenda ofisi ya uhasibu ya chuo mwanzoni mwa mwaka, mwenyewe, ukae na mhasibu mpange awamu zenu, na pesa ya kila giza ukatenga fungu kabla hujalipa kingine. Mimi ni mhasibu, najua: mdaiwa aliyekuja mapema kuongea anasikilizwa tofauti na yule anayekuja analia siku moja kabla ya mtihani.

Sasa hesabu yenyewe. Wengi wakitaja gharama ya chuo wanataja ada tu. Tuchukue mfano wa kozi ya miaka mitatu, ada 1,400,000 kwa mwaka. Chumba cha kupanga 50,000 kwa mwezi, miezi kumi, ni 500,000. Chakula 5,000 kwa siku, siku mia tatu, ni 1,500,000. Weka 400,000 ya kuchapisha kazi, bando, nauli, bima ya afya na michango isiyokwisha. Mwaka mmoja ni 3,800,000. Miaka mitatu ni 11,400,000. Na bado hujahesabu kile ambacho kijana angeingiza kama angekuwa kazini. Akiwa anasaidia biashara ya dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kubaki na 150,000 kwa mwezi, kwa miaka mitatu hiyo ni 5,400,000 nyingine. Andika namba zako kwenye daftari, usikubali zangu. Ila ziandike zote.

Utaona kwenye hesabu hiyo kwamba chumba na chakula vinapita ada. Ndiyo maana huwa nagombana na wazazi wa Mwanza wanaopeleka watoto Dar es Salaam au Dodoma kusomea kozi iliyopo hapa hapa. Tuna chuo kikuu cha SAUT Malimbe, tuna CUHAS cha mambo ya afya pale Bugando, tuna CBE cha biashara, TIA cha uhasibu, Chuo cha Mipango, FETA Nyegezi kwa mambo ya uvuvi, VETA Nyakato kwa mafunzo ya ufundi. Mtoto wa Buhongwa au Igoma anapanda daladala asubuhi, jioni anakula ugali wa nyumbani. Hata wa Sengerema mambo yamebadilika: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kukesha kwenye foleni ya kivuko, anavuka kwao Ijumaa na Jumapili anarudi na kiroba cha unga. Vijana hawapendi kusikia hili, wanataka kuondoka. Nawaelewa. Lakini kama pesa ni ya mzazi anayevua usiku, kuondoka kusubiri mpaka apate ajira.

Kuhusu mkopo wa Bodi, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, huo nausimamia hadharani, mimi mwenyewe umenisomesha. Watu wanaogopa makato. Ni kweli, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi, na kama anadaiwa milioni 12 atalipa miezi mia moja, yaani miaka minane na miezi minne. Ni muda mrefu, na mwanzo wa maisha unaliona hilo pengo kila mwisho wa mwezi. Lakini ni deni lenye mwisho. Zamani lilikuwa linakua, kulikuwa na ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, mtu anakatwa mwaka mzima na salio haliteremki ipasavyo. Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021, hapa hapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Deni la Bodi halikuchukulii mashine wala kiwanja cha baba yako.  Kati ya hilo na mkopo wa mtaani wa riba ya kila wiki, hakuna cha kulinganisha.

Swali kubwa kuliko yote ni kozi gani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo naona pesa nyingi za wazazi zinapotea.

Kuna kazi ambazo bila cheti mlango haufunguki kabisa, na kuna kazi ambazo mwajiri anaangalia tu unaweza nini. Chukua kiwandani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa sababu za usafi na hofu ya kipindupindu na sumu. Tangu hapo, minofu haipandi ndege bila vipimo vya maabara na kumbukumbu za ubora zilizosainiwa na mtu mwenye sifa. Kwa hiyo binti aliyesomea usindikaji wa samaki au sayansi ya chakula ana meza yake pale, na meza hiyo hawezi kuikalia mtu mwingine hata awe mjanja namna gani. Nesi hivyo hivyo, mfamasia, mtaalamu wa maabara ya hospitali, mwalimu wa sekondari. Kwao cheti kinanunua haki ya kufanya kazi.

Sasa geuka upande wa pili. Tukitangaza nafasi moja ya karani, bahasha zinajaa meza: utawala wa biashara, masoko, rasilimali watu, maendeleo ya jamii. Vijana wazuri, wanaongea vizuri, wamesoma kwa jasho la wazazi. Tunachukua mmoja. Wale wengine hawana kosa lolote, ila walinunua karatasi ambayo haimzuii mtu mwingine kufanya kazi hiyo hiyo.

Na tulipomtafuta fundi majokofu tulitafuta mpaka tukachoka. Usiku mmoja kompresa ya chumba cha baridi ilisimama, minofu imejaa ndani, kila mtu anatazama kipimajoto kinapanda. Alikuja mdogo wangu wa kiume. Alisomea majokofu na viyoyozi VETA baada ya kidato cha nne. Aliweka geji zake, akasikiliza, akagusa bomba kwa kiganja, akasema gesi inavujia kwenye kiungo cha nyuma. Kabla ya alfajiri ubaridi ulikuwa umerudi. Kazi ile ya usiku mmoja ililipwa zaidi ya anachopata karani wetu kwa wiki mbili. Ada za VETA kwa kozi ndefu kwa miaka mingi zimekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Wazee wetu walimhurumia alipokwenda huko, wakaona amefeli maisha. Sasa ndio wanaomwita friza la duka likizima.

Simaanishi kila mtoto aende VETA. Mwenye kichwa cha udaktari akasome udaktari, miaka mitano na ule wa mafunzo kazini, tena familia nzima ijibane. Ninachosema ni kwamba kabla ya kulipa, uliza mwisho wa kozi kuna nini. Digrii yangu ya uhasibu peke yake haikunifanya mhasibu anayetambulika. Ilibidi niendelee na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayofanyika Mei na Novemba, nasoma usiku baada ya kazi, na ada ya mitihani natoa mfukoni. Anayesoma sheria ana Shule ya Sheria mbele yake kabla ya kuitwa wakili. Mhandisi ana usajili wa bodi yake. Gharama hizi haziandikwi kwenye kipeperushi cha chuo. Mtafute mtu aliyemaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita, umuulize yuko wapi leo. Atakwambia mengi kuliko mkuu wa udahili.

Ngazi nayo. Watu wanafikiri chuo ni digrii au hakuna. Mtoto aliyepata ufaulu mzuri wa sayansi kidato cha nne anaweza kuingia diploma ya uuguzi au maabara bila kupita kidato cha tano. Anamaliza, anafanya kazi, na akitaka digrii anaunga akiwa na mshahara wake. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inatoa mikopo hata kwa diploma za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Kwa familia ya hali yetu, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Kwa mabinti hesabu yangu ni nyingine, na sitaomba radhi. Binti wa mwaloni akimaliza shule akakaa nyumbani, hakai muda mrefu. Watakuja wajomba na habari za ng'ombe wa mahari, au atakuja mnunuzi wa samaki mwenye gari. Nilipokuwa kidato cha sita mazungumzo ya ng'ombe wangu yalikuwa yameshaanza, barua ya chuo ndiyo iliyoyasimamisha, maana baba alipata neno la kuwajibu wakubwa zake: "Anasoma." Kwa hiyo mzazi akiniuliza kuhusu binti, hata kozi isiyo na mshahara mnono naiunga mkono, mradi haiuzi mali ya familia. Miaka mitatu ya kukua akiwa na akili yake mwenyewe ina thamani ambayo siwezi kuiingiza kwenye daftari la hesabu, na mimi huingiza kila kitu.

Wiki hii mama mmoja wa Kayenze amenitumia ujumbe. Binti yake amesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), amefaulu, anataka maabara ya hospitali, na baba anataka kuuza kiwanja. Nimemjibu hivi: dada, kiwanja msiuze. Cheti cha kuzaliwa cha binti kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa hivi, msisubiri dirisha la mikopo lifunguliwe, maana huku kwetu hapo ndipo wengi wanakwama. Fomu ya Bodi isainiwe serikali ya mtaa, mdhamini aweke picha na sahihi, kila ukurasa uangaliwe mara mbili na mtu mzima. Asome mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, aone masomo yanayotakiwa. Aombe digrii, na diploma ya fani hiyo hiyo aiombe pia kupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ili mkopo wa digrii ukikosekana asibaki nyumbani. Na akipata Bugando asipange chumba. Aje kwangu Mkuyuni, kitanda kipo.