Laptopu nimeipa kipaumbele kwenye ruta, mbona sauti bado inakatika?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mkalimani, nafanya kazi kwa mtandao nikiwa nyumbani Tanga. Kifurushi chetu cha faiba ni megabiti 20 kushusha na 5 kupandisha, na nikipima napata hizo hizo. Shida ni jioni: watoto wakishaingia ndani tu, wateja wanalalamika naongea kama roboti. Niliingia kwenye ruta, sehemu ya QoS (ya kupanga kifaa kipi kitangulie), nikaiweka laptopu yangu daraja la juu kabisa. Hakuna kilichobadilika. Ninunue ruta nyingine?

Jibu: Nzuri, dada. Usinunue kitu kwanza. Ulichofanya ni nusu ya kazi, na hiyo nusu peke yake haina faida yoyote. Wengi wanaishia hapo hapo, kisha wanasema QoS ni urembo.

Kipaumbele kina maana pale tu penye foleni. Chukulia umemweka askari getini kwako aruhusu gari la wagonjwa litangulie. Getini magari yanatoka bila kusubiri, kwa hiyo askari hana la kufanya. Foleni yenyewe iko mbele, kwenye makutano, na huko gari la wagonjwa linakwama nyuma ya malori kama wengine. Nyumbani kwako geti ni ruta, na makutano ni kile kisanduku cha faiba ukutani. Ruta inaongea na kisanduku kwa megabiti 100 au 1,000 kwa sekunde, halafu kisanduku kinatakiwa kusukuma nje megabiti 5 tu. Mzigo wote unarundikana kwenye kumbukumbu yake, na kisanduku hakijui habari ya daraja la juu uliloiwekea laptopu.

Piga hesabu. Kumbukumbu hiyo ikiwa na nafasi ya megabaiti 1, hizo ni megabiti 8. Kwa kasi ya megabiti 5, itachukua sekunde 1.6 kuisha. Simu ya mtoto ikianza kupandisha video za shule kwenye hifadhi ya Google, kila neno lako linasubiri sekunde moja na nusu kabla ya kutoka nyumbani. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, inataka ucheleweshaji wa sauti upande mmoja usizidi milisekunde 150. Wahandisi wanaliita tatizo hili kuvimba kwa bafa, bafa ikiwa ndiyo hiyo kumbukumbu. Ona pia kwamba si suala la upungufu wa kasi: sauti ya simu haifiki hata megabiti moja. Ndiyo maana kuongeza kifurushi mara nyingi hakuponyi.

Kabla ya kugusa mipangilio, hakikisha ugonjwa ndio huu. Kwenye laptopu fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza andika ping -t (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi) ikifuatwa na anwani ya ruta, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje. Sasa pandisha faili kubwa ukitumia simu, huku ukiangalia namba. Dirisha la pili likiruka kutoka milisekunde kadhaa hadi mamia, na la kwanza likabaki limetulia, foleni iko kwenye kisanduku. Likiruka la kwanza pia, basi tatizo ni hewa: waifai imesongwa, na QoS ya intaneti haitakusaidia. Hapo hamia masafa ya gigahezi 5 au, bora zaidi, chomeka waya. Kwa kazi ya ukalimani mimi ningechomeka waya hata kama hakuna tatizo.

Ikiwa ni kisanduku, dawa ni kuihamisha foleni irudi getini, alipo askari. Ruta inatakiwa itoe mzigo polepole kidogo kuliko kisanduku kinavyoweza kumeza. Katika ukurasa ule ule wa QoS tafuta mahali pa kujaza kasi ya laini. Wengi wanapaacha wazi, au wanaandika 1000 kwa matumaini. Anza na asilimia 85 ya kasi uliyopima: megabiti 17 kushusha, 4.25 kupandisha. Angalia kipimo, maana ruta nyingine zinataka kilobiti, yaani 17000 na 4250. Ukiandika 17 kwenye ruta ya kilobiti, nyumba nzima itakuita mchawi. Halafu rudia jaribio la ping, ukipandisha au kupunguza namba kidogo kidogo hadi uone utulivu.

Pima saa 2 usiku, si saa 4 asubuhi. Laini ikishuka jioni hadi megabiti 14, ile 17 uliyojaza haizuii kitu na foleni inarudi kisandukuni. Ndiyo maana kwa ruta zinazotumia laini ya simu ya mkononi, ambazo kasi yake inabadilika kila dakika, mbinu hii hufanya kazi kwa kubahatisha.

Sasa lile daraja lako la juu ndipo litaanza kuonekana. Ila hakikisha limefungwa kwenye anwani sahihi ya MAC, namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao: laptopu ina moja ya waifai na nyingine ya waya, na ukiwasha anwani za kubahatisha kwenye Windows, ruta inaweza kuiona kama mgeni.

Ruta yako ikiwa na chaguo la SQM (usimamizi wa foleni), kama zile zenye OpenWrt, programu huria ya ruta, achana na madaraja kabisa. Chagua mbinu ya foleni iitwayo CAKE, iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2018, au mkubwa wake fq_codel wa mwaka 2012. Hizi zinagawa zamu kwa kila mazungumzo zenyewe, na pakiti ndogo za sauti hazikai nyuma ya video. Bado utajaza kasi kwa mkono.

Na WMM (kipaumbele cha sauti na video hewani) kwenye mipangilio ya waifai usiizime, hata ukishauriwa. Kwa vifaa vya waifai ya kizazi cha 802.11n (Wi-Fi 4) kuendelea, ukiizima kasi inaweza kuanguka hadi megabiti 54.

Ruta nyingine nitakuambia ununue pale tu ukikuta hii haina mahali popote pa kujaza kasi ya kupandisha. Kwa leo usiku, kama una kikao, zima kupandisha picha kwenye simu za watoto.