Jibu: Kumtambua samaki wa baruti sokoni Tanga

Salaam, dada. Umeuliza utamjuaje samaki wa baruti, yaani aliyeuawa kwa mlipuko baharini, maana hutaki hela yako iendelee kuvunja matumbawe.

Kwanza mwombe muuzaji ampasue mbele yako. Ukiona damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umevunjika au mbavu zimeachana na nyama, mrudishe. Macho mekundu peke yake hayatoshi. Aliyekwisha kaangwa hatambuliki, hivyo mimi nanunua mbichi tu, changu au tasi wa mshipi ama dema (mtego wa kusuka), kwa mvuvi ninayemjua. Baruti inaua hata vitoto visivyoliwa, inaniuma sana.

Wa jarife pia siwataki: nyavu hizo za papa ndizo zinazonasa silikanti, samaki adimu wa kale, na hifadhi yake ipo hapa Tanga tangu 2009.