Kabla hamjaandika «kizunguzungu» kwenye faili la mzee

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha wagonjwa wa nje, nikimsikiliza mmoja wa madaktari watarajali wetu, walio katika mafunzo ya kazini, akimhudumia babu wa miaka 78. Babu alisema ana kizunguzungu. Presha ikapimwa akiwa ameketi, kipimo cha malaria kikatoka safi, sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, ya mwezi mzima ikaandikwa, na mzee akaambiwa apumzike. Hakulazwa kitandani, hakusimamishwa, wala mfuko wa dawa aliokuwa ameupakata haukufunguliwa. Nilimwahi kabla hajafika dirisha la dawa, tukaanza upya. Ninawaandikia haya, wadogo zangu, kwa sababu kosa hilo nimeliona kwa kila kundi linalokuja kwetu, na kwa sababu nami nililifanya, gharama yake ikalipwa na mtu mwingine.

1. Neno lenyewe ni gunia. Mgonjwa akisema kizunguzungu anaweza kuwa na maana ya kisunzi, yaani nyumba inamzunguka. Au macho kuingia giza kama anayetaka kuzimia. Au miguu kumsaliti akapepesuka huku kichwa kikiwa kitulivu. Muulizeni ni kipi kati ya hivyo, lakini msijenge nyumba juu ya jibu hilo peke yake, kwa sababu saa moja baadaye atawaambia kingine. Kinachodumu ni majibu ya maswali mawili: kinaanza unapofanya nini, na kinakaa muda gani. Hayo mzee hujibu vilevile asubuhi na jioni.

2. Fungueni mfuko wa dawa kabla hamjaongeza dawa. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini wakati bibi mmoja wa miaka 74 alipoletwa na binti yake kliniki. Alikuwa akitumia metformini ya sukari na amlodipini ya presha, miligramu 5, na alilalamikia kizunguzungu cha asubuhi. Nilimpima akiwa ameketi, mkono wake juu ya meza yangu, nikapata 158 kwa 90. Nikaona jibu limejileta lenyewe: presha imepanda, na ndiyo inayomsumbua. Nikapandisha amlodipini hadi miligramu 10, nikaongeza haidroklorothiazidi, dawa ya presha ya kukojosha, na nikamhakikishia binti kwamba mama atapata nafuu ndani ya wiki mbili. Binti akasema, «Daktari, kinamshika akinyanyuka tu. Akiketi kinaisha.» Maneno hayo niliyasikia. Nakumbuka niliyasikia, kwa kuwa niliitikia kwa kichwa huku kalamu yangu imeshafika kwenye cheti cha dawa. Sikuyaandika popote.

Ndani ya mkoba wa binti kulikuwa na pakiti ya amitriptilini ambayo bibi alipewa katika kituo kingine, kwa ajili ya miguu iliyokuwa ikimwaka moto usiku. Kama ningeuliza, ningejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba sukari imeshaharibu mishipa yake ya fahamu, pengine pamoja na ile inayobana mishipa ya damu mtu anaposimama, na kwamba kila usiku anameza kidonge ambacho nacho hushusha presha ya mtu anaponyanyuka. Juu ya mzigo huo mimi nikatwika mwingine.

Siku ya kumi na moja aliamka alfajiri kwenda uani kutia udhu. Binti alisikia kopo la maji likidondoka kabla hajamsikia mama yake. Nilimkuta wodini mchana, mguu wa kulia umefupika na unyayo umegeukia nje, na kabla sijaangalia picha nilijua kwamba nyonga imevunjika. Presha yake akiwa amelala chali ilikuwa 102 kwa 58. Nilijaribu kujiambia kwamba hiyo ni damu aliyoipoteza, na huenda kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo, lakini nilipoomba faili na kuusoma mwandiko wangu mwenyewe, «kizunguzungu, presha haijadhibitiwa», sikupata pa kujificha. Bibi alinitambua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, «Mwanangu, vile vidonge ulivyonipa, niendelee navyo?» Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kwa sababu aliniamini, na ndiyo maana swali lile halijanitoka mpaka leo. Nilisimamisha nilichokiongeza, kisha nikamweleza binti yake kilichotokea na sehemu yangu katika jambo hilo. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, «Lakini nilikwambia.»

Kipimo ambacho kingemwokoa hakina malipo. Mgonjwa alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika 1 na tena ifikapo dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmepata mnachokitafuta. Hesabuni na mapigo pia, kwa maana presha ikishuka na mapigo yasipande, mishipa ya fahamu ndiyo ya kushukiwa. Dawa za kuulizia kwa majina ni za kukojosha, za tezi dume kama tamsulosini, amitriptilini, diazepamu ya usingizi, na chochote kilichonunuliwa dukani bila cheti. Wazee hawasikii kiu kama ninyi. Waulizeni habari ya maji, hasa mwezi wa Ramadhani.

3. Msiwaogope wagonjwa wa vijiwe vya sikio. Hiki ndicho kisunzi cha sikio kinachowapata wazee zaidi kuliko kingine chochote: chembe ndogo za chokaa hubanduka mahali pake katika sikio la ndani na kuingia kwenye mfereji wa nusu duara, na kila kichwa kinapogeuka chembe hizo hudanganya ubongo kwamba mwili unazunguka. Walio katika hatari zaidi ni wanawake, waliogonga kichwa, wenye mifupa iliyopungua madini, wenye upungufu wa vitamini D, na waliolala kitandani muda mrefu. Kinawashika kwa sekunde chache wanapogeuka kitandani, wanapotazama juu au wanaposujudu. Mzee akikwambia ameanza kuswali kwenye kiti, muulize kama ni magoti au ni kichwa.

Hilo la kulala muda mrefu alinifundisha bibi yuleyule. Alilala akivutwa mguu kwa mizigo wiki sita ili nyonga iunge, na alipoanza kugeuzwa akapiga kelele kwamba dari linamwangukia. Mwenzangu akataka kuandika sinarizini. Safari hii nilimketisha, nikageuza kichwa chake nyuzi 45 upande wa kushoto, nikamlaza kwa upole kichwa kikining'inia kidogo nje ya godoro, kama madaktari Dix na Hallpike walivyoeleza mwaka 1952, nikayatazama macho. Kwa sekunde nne hivi yalitulia. Kisha yakaanza kujizungusha na kuruka kuelekea paji la uso, na bibi akaukamata mkono wa koti langu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikahesabu, kabla sijafika 20 yakatulia. Tukaendelea na mageuzo ya Epley, ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zirudi mahali pake, yaliyochapishwa mwaka 1992, tukikaa nusu dakika hadi dakika nzima kila mkao, na alipoketi akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia juu tena, akamwambia binti yake, «Dari limekaa.» Kutembea bila mkongojo hakurudi tena, lakini alitoka wodini akigeuka kitandani bila hofu.

Yeyote atakayenikuta kesho aniombe nimwonyeshe. Ni dakika tano, na kitanda kipo.

4. Gentamisini, sindano ya kuua bakteria, si maji ya baraka. Mvuvi mmoja mstaafu aliniambia kwamba miaka yote ya bahari hakuwahi kuyumba, na sasa anayumba sebuleni kwake. Mkewe akacheka, naye akacheka, lakini gizani alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amechomwa sindano hizo siku nyingi mfululizo bila figo zake kupimwa, na masikio yote mawili yalikuwa yamepoteza uwezo wa kumwambia mwili umesimama vipi. Madhara hayo mara nyingi hayarudi nyuma, na mgonjwa huweza kuyapata huku anasikia vizuri kabisa. Pimeni kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza, na dawa nyingine ikifaa, tumieni hiyo.

5. Kisunzi kilichoanza ghafla na kisichokoma kwa saa nyingi, kwa mzee mwenye presha, sukari, historia ya kuvuta sigara au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Mketisheni bila kumwegemeza: akishindwa kukaa, andikeni rufaa. Kuona vitu viwili viwili, kukwama kumeza, ulimi mzito, macho yanayochezea upande mmoja kisha mwingine, vyote ni rufaa. Picha ya CT (skani) ya kichwa inaweza kutoka safi siku ya kwanza na kiharusi cha nyuma ya ubongo kikawepo, kwa hiyo isiwatulize.

Mengine kwa haraka: pimeni sukari kwa kila anayetumia glibenklamidi, dawa inayoshusha sukari, angalieni weupe wa viganja na ufizi unaoashiria upungufu wa damu, tazameni mtoto wa jicho, hesabuni mapigo dakika nzima. Sinarizini na Stemetil, dawa nyingine ya kutuliza kizunguzungu, zitolewe kwa siku mbili tatu, si mwezi, kwa sababu huchelewesha ubongo kujizoesha, na kwa wazee huleta kutetemeka na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Na jueni kwamba kwa mzee mara nyingi hamtapata sababu moja. Mtapata tatu ndogo, kila moja ikimsukuma kidogo.

Babu wa wiki iliyopita alikuwa 146 kwa 80 akiwa amelala na 118 kwa 66 akiwa amesimama. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na nifedipini ya presha, tamsulosini na pakiti ya diazepamu aliyopewa na shemeji yake. Anarudi Jumanne. Mtarajali aliyemhudumia ndiye atakayempima, akiwa amelala na akiwa amesimama, nami nitakuwa nyuma ya pazia.