Ni mayoglobini, si ini

Je, naitriki oksaidi, gesi ya mwilini inayotanua mishipa ya damu, huondolewa na ini? La, gesi hiyo haisubiri kufika kwenye ini. Seli za msuli wa moyo huimaliza papo hapo. Kazi hiyo hufanywa na mayoglobini, ile protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya seli. Ikiwa imebeba oksijeni, huigeuza gesi hiyo kuwa naitreti, isiyoweza tena kutanua mishipa. Yenyewe hubaki na chuma kilichooksidika, rangi ya kahawia, mpaka kimeng'enya kiirejeshe. Rangi hiyo mwaijua: jodari aliyeshushwa asubuhi Mji wa Kale ni mwekundu, akilala kwa muuzaji huwa kahawia. Protini ni ileile, ila kwa samaki mchokozi ni oksijeni yenyewe, na hakuna tena wa kuirejesha.

Watafiti wa Ujerumani walilionyesha hili mwaka 2001 kwa panya waliozalishwa bila mayoglobini: wakipewa gesi hiyo, mioyo yao ililemewa zaidi kuliko ya panya wa kawaida.

Ila oksijeni ikipungua mambo hugeuka, mayoglobini hiyohiyo huanza kuitengeneza gesi hiyo kutoka kwa naitraiti, ndugu ya naitreti yenye oksijeni pungufu.